Mlango wa Tatu, Kulia

"Usilie. Usilie. Usilie," alijiambia huku akifunga koti jeupe, na kifungo cha mwisho kikagoma kuingia tunduni.

Mara mbili alishaanguka mtihani wa kutoa habari za msiba. Kwa wenzake ni mteremko: unaingia chumbani, unamkuta mtu aliyekodiwa kujifanya mume wa mgonjwa, unamwambia mkewe amefariki, unatoka. Mtahini anakutazama kutoka nyuma ya kioo kinachoonyesha upande wake tu, basi. Lakini yeye alicheza jukwaani miaka kumi na miwili kabla ya kuingia chuo cha utabibu, na mwili wake haukujua kutamka kifo bila kutafuta taa inamulika wapi. Mara ya kwanza alilia kuliko mfiwa. Mara ya pili alipiga magoti. Mtahini akaandika neno moja: Unaigiza.

Leo ndiyo ya mwisho. Akianguka, anafungasha virago.

"Mama Maigizo, leo unamuua nani?" mwenzake mmoja alimchokoza kwenye foleni.

"Nakuua wewe, usiponyamaza."

Wote wakacheka. Yeye akaendelea kupambana na kifungo.

Chuoni kulikuwa kunapakwa rangi, hivyo mtihani ulihamishiwa hospitali ya jirani, kwenye korido ndefu yenye milango huku na huku. Karani alikuwa ameweka meza mwanzoni mwake, korido kaipa mgongo, mwanafunzi kamkabili. Hakuinua macho kwenye karatasi.

"Mlango wa tatu, kulia."

"Kulia nimeacha, kaka."

Karani hakucheka. Mama Maigizo akashika kulia kwake, mazoea ya jukwaani: ukiambiwa kulia, ni kulia kwako mchezaji, si kwa anayekutazama.

Ndani mlikuwa na kitanda cha kupimia, sinki, na juu ya sinki kioo. Alikaa upande ambao kioo kingempata vizuri. Mwanamume mmoja aliruka kutoka kwenye kiti, chupa ya chai kwapani, kandambili miguuni, moja ya bluu, nyingine nyekundu.

Huyu wamemtoa wapi? Waigizaji wa kukodiwa aliwajua wote, kwa majina na madeko yao. Huyu mgeni. Lakini maleba hayo! Aliyefikiria zile kandambili anajua kazi.

"Daktari, vipi huko?"

"Kaa kwanza, kaka. Wewe ndiye mumewe?"

"Ndiye. Niambie tu."

Hakumshika mkono. Hakutetemesha sauti. "Tulijitahidi sana. Mkeo amefariki."

Wamefundishwa kunyamaza, akanyamaza. Mwanamume hakupiga yowe, hakujitupa chini, vile vitu vyote ambavyo wale wengine huvifanya ili walipwe tena. Alitazama chupa yake.

"Lakini nimemletea chai," alisema. "Alisema akitoka huko anataka ya moto."

Mama Maigizo alitaka kulia mpaka meno yakamuuma. Akameza.

"Pole sana, kaka."

Mwanamume alitoa simu, ikamponyoka, akaiokota, akabonyeza. "Mama, mmefika wapi? ... Geuzeni, mama. Geuzeni, mrudi nyumbani. Ametuacha." Ndani ya simu sauti ya mwanamke ilipanda, ikapanda, ikakatika.

Hata simu wameiandalia mtu! Safari hii mtahini kaamua kummaliza.

"Naomba nitoke kidogo," mwanamume alisema. "Humu hamna hewa." Akatoka akishikilia ukuta. Chupa ikabaki juu ya kiti.

Alibaki peke yake. Akajitazama kwenye kioo: macho makavu, hakuna hata chozi moja. Miaka kumi na miwili ya makofi, na hakuwahi kutoka kwenye onyesho akiwa amechoka namna hii. Akamwinamishia mtahini kichwa, kidogo tu.

Mlango ukafunguka. Akasimama wima asikilize alama zake.

Alikuwa mkunga, kabeba kifurushi kilichofungwa shuka la kijani, na kifurushi kinapiga chafya.

"Dada, baba wa huyu kaenda wapi? Mkewe katoka thieta salama, anamwita."