Kijumba cha Mbao

Sisimizi, kama walivyomwita mtoto kwa utani, aliinua mto wa kiti akimtafuta paka wake wa kitambaa, akachungulia. Hakuna. Akakimbilia jikoni, akafunua ndoo kwa kishindo. Hakuna.

"Polepole, mwanangu," shangazi yake alinong'ona. "Mama amelala."

Mtoto akaanza kunyata. Hilo alilijua tangu anatambaa. Mama alikuwa mkunga wa zamu ya usiku, na mlango wa chumba chake ukifungwa mchana, nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole.

Sebuleni, baba yake, seremala, alikuwa amechuchumaa mbele ya kijumba alichokiunda kwa mabaki ya mbao. Kilikuwa nyumba yao yenyewe, ila kilitosha juu ya meza fupi: sebule, jiko, vyumba viwili, kochi la ukubwa wa kiberiti. Mchezo ulikuwa rahisi. Baba anamficha paka mdogo wa mti ndani ya kijumba, mtoto akiona. Paka wa kitambaa naye amefichwa mahali palepale, katika nyumba kubwa.

"Si umeona nilipomweka?"

"Nimeona. Nyuma ya kochi."

"Haya, yule mkubwa yuko wapi?"

Sisimizi akaenda kufunua zulia.

"Mwache, kaka," shangazi alisema. "Miaka miwili na nusu ataelewa nini? Kwake hicho ni kidude tu, si nyumba. Na wewe ungerudi karakana. Kukaa hivi kutakumaliza."

Baba alikunja blanketi alilolalia kwenye kochi, akamficha paka upya.

Wiki zikapita. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, paka wa mti aliingizwa chini ya kitanda cha mtoto. Sisimizi akakitazama kijumba. Akatazama mlango wa chumba chake. Macho yakaenda, yakarudi, kama ya fundi anayepima kwa kukadiria. Mara akachomoka mbio. Aliporudi alikuwa amemkumbatia paka wa kitambaa, vumbi limemjaa puani.

"Huku ni kule!" alisema. "Baba, huku ni kule!"

Baba aliangua kicheko, hata shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona ni nani anayecheka.

"Sasa nichongee mama," Sisimizi akasema.

Kicheko kikakatika. "Nikuchongee mbwa, acheze na paka?"

"Mama."

Alimchonga alasiri hiyohiyo, akamfunga kilemba cha kitambaa. Uso aliuacha mtupu.

Sisimizi akampokea kwa mikono miwili. Akamlaza kwenye kitanda kikubwa cha kijumba, akamfunika leso mpaka shingoni, akamtazama kidogo. Kisha akatimua mbio.

"Wapi tena, wee Sisimizi?" baba aliuliza, akijifuta maranda magotini.

Ndipo aliposikia ukifunguliwa mlango wa chumba cha mama, ambao hakuna aliyeugusa tangu waliporudi kutoka makaburini.

Akasikia shuka ikivutwa kitandani.

Nyayo ndogo zikarudi, taratibu. Mtoto akachuchumaa mbele ya kijumba, akamwondoa mama kitandani, akamsimamisha jikoni.

"Baba," aliuliza, "au yuko hapa?"