Ndizi ya Mgeni

Siku hizi chakula chetu ni vidonge vya vitamini. Potasiamu yake haitoshi kuutunza moyo, kwa hiyo kila mtu hugawiwa ndizi moja kwa wiki. Mgeni wetu ni mmoja tu, Bwana Kajuna, mgawaji, na Mama hakuacha mgeni aondoke bila kula.

"Karibu ndizi, baba," alimwambia kila wiki, akimmenyea ya kwake kwa mikono iliyolegea. Yangu nilipompa Mama, aliikataa.

"Ndizi za hapa tamu kuliko za nyumba zote!"

"Koku, mletee na maji."

Nilitaka kusema moyo wa Mama unakwenda ovyo. Haya ikanifunga mdomo.

Jana tulimzika Mama. Leo Bwana Kajuna amekuja kutoa pole, ameketi, anaitazama ndizi yangu.

Naanza kummenyea.