Herufi za Mlango wa Ghala

Watu watatu walikuwa wameshatumbukia ndani ya ghala lile bovu, ambalo sakafu yake ilioza juu ya shimo refu, na wote walitolewa maiti. Baada ya kumzika wa tatu, mjumbe wa mtaa alimwita Zawena, fundi wa kuandika mabango.

"Fundi, niandikie mlangoni maneno HATARI, USIINGIE. Hata mwenye haraka ayaone."

Zawena alichagua herufi zake nene zisizo na mviringo popote. Hata S yake ilikuwa na pembe kali kama shoka. Alizoea kuziandika kwenye malori na kuta za vilabu vya mpira, lakini pale mlangoni zilionekana kama zimekunja uso. Alikuwa akimalizia E ya mwisho, jua la saa sita likimchoma shingoni, aliposikia sauti ya mwanamke nyuma ya mbao.

"Nenepesha zaidi, mwanangu. Sisi hatukukuta maandishi."

Kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje, na ufunguo alikuwa nao mjumbe.

"Wewe nani?" aliuliza.

Alitamani kukimbia, lakini akamfikiria mtu wa nne, yeyote yule atakayekuwa. Akachovya brashi, akanenepesha herufi moja moja mpaka bega likamuuma. Kisha akarudi nyuma kutazama kazi yake.

Katika ufa wa mbao, ncha za vidole zilikuwa zimejitokeza. Zilipapasa rangi mbichi polepole, pembe baada ya pembe.