Kocha Twiga Abadilishana Timu na Kobe

Enzi zile wanyama walipokuwa na vyuo vyao, Twiga alikuwa kocha wa mpira wa kikapu wa chuo cha twiga. Alikuwa ametwaa kombe miaka mitano mfululizo, na majigambo yake yalimchosha kila aliyemsikia.

"Ukocha bora ni ukali," alisema wanyama walipobishana kuhusu makocha. "Mimi nikifoka tu, mpira unaingia."

Kobe, kocha wa nguchiro, waliofungwa na timu ya Twiga kwenye fainali kwa pointi mbili tu, akasema taratibu, "Bwana Twiga, tubadilishane timu kwa mechi moja."

Twiga akacheka hadi shingo ikayumba, akakubali.

Siku ya mechi alifoka mpaka sauti ikamkauka. Nguchiro wake walirukaruka kama bisi kwenye sufuria, na mpira haukukaribia hata wavu. Walifungwa kwa tofauti ya pointi sitini.

"Nani atawafundisha vibeti hawa?" Twiga akang'aka.

"Ndio hao hao waliokutoa jasho kwenye fainali," Kobe akamjibu. "Kumbe miaka mitano yote hiyo, Bwana, ulikuwa unafundisha urefu?"