Kipuri Kiko Baharini

"Bado kiko melini," wakala alisema kwenye simu. "Vumilia, fundi."

Siku ya kumi na tisa hiyo. Fundi wa mashine za hospitali alikata simu, akalipiga teke sanduku la vifaa. Wodi ilikuwa na mashine mbili za oksijeni. Moja ilikufa kwa kukosa pete ya mpira. Pete tu, ndogo kama kizibo cha soda! Iliyobaki walipokezana wagonjwa watatu, kwa zamu, kama kata ya maji mtungini. Mmoja wao alikuwa mama yake mzazi.

Alijaribu kila hila. Alikata tyubu ya baiskeli, ikayeyuka. Alikata soli ya ndala, wodi nzima ikanuka. Pete yenyewe hakuwahi kuiona ikiwa nzima. Aliyoitoa ilikuwa imesagika unga. Alichobaki nacho ni namba ya kipuri na namba ya wakala.

Mkewe, Mama Pacha, aliingia na chupa ya chai, bado kavaa aproni ya kazini, kiwanda kilichoko nyuma ya ukuta wa hospitali.

"Eti bandari fulani imefungwa, kuna watu wanapigana huko," fundi alimfokea kana kwamba ndiye aliyeifunga. "Wanapigana wao, tunakosa pumzi sisi!"

"Punguza sauti, mama anasikia."

"Mwache aseme," mama alihema kitandani. "Akinyamaza atapasuka, na kipuri chake nacho kiagizwe ng'ambo."

Wakacheka, hata fundi. Mama Pacha akammiminia mkwewe chai.

"Naona chupa haivuji tena," fundi alisema.

"Nimeitia kijipira cha kazini. Kina doa, wangekitupa."

"Na walinzi wanaowapekua mpaka nywele?"

"Nilikitia mdomoni kama peremende, nikawaaga kwa kichwa."

"Watakufukuza, wewe! Mali yenyewe hata hujui ya nini."

"Tukiuliza tunaambiwa: kata, usiulize."

King'ora cha kiwanda kikalia. Mama Pacha akaondoka mbio. Fundi akampigia wakala tena.

"Bado kiko melini, fundi."

Siku ya ishirini na tatu kifurushi kilifika, muhuri juu ya muhuri, vibandiko vya bandari nne. Fundi alikichana kwa meno. Ndani ya pamba ilikuwamo pete ya buluu yenye kijino pembeni. Akabaki ameishika, ameketi kwenye kitanda kilichokwisha kuvuliwa mashuka.

Mama Pacha alikuwa akikusanya vitu vya marehemu: kanga, miwani, ndala, chupa ya chai. Macho yake yakatua kwenye kiganja cha mumewe.

Alifungua kifuniko cha chupa, akachokoa kile kijipira kwa kucha, akakilaza kando ya ile pete: nacho cha buluu, chenye kijino pembeni, na kidoa cheupe.