Kifungua Tumbo

Sheria inasema ukipunguzwa tumbo kwa upasuaji unawekewa kilango ndani, na rimoti ya kukifungua inakaa kwa ndugu, si kwako. Yangu anayo mama mkwe, Bi Mwanakombo. Mwaka mzima nimembembeleza kwa kila tonge. Harusini kwa dada yangu alikataa kubonyeza, nikabaki kuikodolea biriani macho kama paka. Nimepungua kilo arobaini. Sifa zote kachukua yeye.

Mwezi uliopita naye kapunguzwa. Mume wangu yuko safarini, kwa hiyo rimoti ya mama nikakabidhiwa mimi.

Leo nimepika biriani, nikampakulia, nikamnawisha mikono.

"Nifungulie, mwanangu."

"Nifungulie wewe kwanza, mama."

Biriani ikapoa. Mume wangu akapiga simu kuuliza kama tumekula.

"Tumeshiba," tukajibu kwa pamoja.