Saa ya Buenos Aires

Wachimbaji walilalamika kwamba saa ya kompyuta ya getini, inayoandika muda wa kila anayeingia, inawachanganya: saa nne asubuhi inaandika 10:00. Zuhura, fundi wa kompyuta wa mgodi, akabadilisha majira yake kutoka Dar es Salaam kwenda Buenos Aires, mji ulio nyuma yetu kwa saa sita. Saa nne asubuhi ikaandikwa 4:00. Wakampigia makofi.

Sasa mchimbaji mmoja aliyeingia saa nne asubuhi amefukiwa na kifusi, akafa, na watu wa bima wameisoma 4:00 yake kizungu: marehemu aliingia shimoni saa kumi usiku, kuiba, akafukiwa. Hakuna fidia.

"Ukifungua mdomo, kazi huna," bosi alishamwambia Zuhura.

Mama Noela, mjane wa marehemu, alisimama mbele ya Zuhura. Udongo wa kaburini ulikuwa bado umeganda kwenye kandambili zake.

"Mwanangu, saa ulitubadilishia wewe. Baba Noela alikuwa mwizi?"

Zuhura alilitazama jina la mji ule kwenye kioo cha kompyuta.

"Kompyuta haidanganyi, mama."